Samaki Mmoja, Watu Saba: Sushi ya Jikoni Kwetu Tabora

Siku moja, katika kliniki ya watoto hapa Tabora, alikuja mama kijana akiwa na mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Kadi ya mtoto ilionyesha kwamba kwa miezi mitatu mfululizo uzito wake haukupanda. Tukamwuliza mtoto anakula nini nyumbani.

"Anakula samaki, nesi," alijibu bila wasiwasi. "Kwetu samaki hakosi."

Tulifurahi, lakini tukaendelea kumwuliza taratibu. Anakula samaki mwenyewe? Kiasi gani? Hapo ndipo tulipoelewa. Samaki aliwekwa kwenye sahani ya baba. Mgeni akiwapo, naye alikatiwa. Mama alijipatia kichwa. Watoto walimwagiwa mchuzi juu ya wali, nao wakahesabiwa kuwa wamekula samaki.

Hatukumlaumu mama yule. Wengi wetu tulilelewa hivyo, na sisi tunaofundisha lishe asubuhi tumewahi kupakua vivyo hivyo jioni. Lakini ukweli ni lazima usemwe. Mchuzi una ladha ya samaki, una chumvi na mafuta kidogo. Protini inayojenga mwili wa mtoto imebaki kwenye mnofu.

Jambo hilo ndilo lililotufanya sisi akina mama wa kikundi cha mapishi hapa kanisani tujaribu chakula cha Wajapani kiitwacho sushi. Msicheke kwanza, maana sisi wenyewe tulicheka.

Kwa nini sushi?

Binti wa mwenzetu mmoja aliwahi kufanya kazi katika jiko la hoteli huko Dar es Salaam. Alipokuja likizo alitusimulia kuhusu wageni wanaolipa fedha nyingi kula wali uliopoa na samaki mbichi. Tulicheka mpaka machozi. Wali kiporo na samaki asiyepikwa, nani atamwekea mumewe mezani?

Binti akatusahihisha. "Mama zangu, sushi si samaki mbichi. Sushi ni wali wenye siki. Cha kuweka ndani anachagua mpishi, na samaki aliyepikwa anafaa pia."

Kisha akatueleza kwamba wali hutandazwa, samaki na mboga huwekwa katikati, vyote vikaviringishwa kama mkeka na kukatwa vipande. Kila kipande kina wali wake, mboga yake na samaki wake. Hapo tukanyamaza. Mama mmoja akasema, "Kwa hiyo samaki hawezi kubaki kwenye sahani moja?" Ndivyo ilivyo. Akishaingia ndani ya wali, amekwisha kugawanywa.

Wali na samaki wa safari ndefu

Kwetu Tabora, wali na samaki mkavu ni vyakula vya njia ya misafara. Wafanyabiashara wa Kiarabu na wa pwani waliojenga makao yao Unyanyembe katikati ya karne ya 19 walipanda mpunga hapa. Burton na Speke walipofika mwaka 1857, mji waliuita Kaze. Njia hiyo ilitoka Bagamoyo, ikapita kwetu, ikaishia Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika, na Wanyamwezi ndio waliobeba mizigo yake mabegani. Baadaye ikaja reli, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mpaka leo tunakula dagaa na migebuka wanaotoka Kigoma, na samaki wa moshi wanaotoka mito ya Ugalla na Malagarasi. Samaki huyo hukaushwa kwa sababu safari ni ndefu na joto ni kali.

Wajapani nao walikuwa na shida kama hiyo. Kando ya Ziwa Biwa, tangu zamani, samaki walitiwa chumvi, wakafunikwa kwa wali na kuachwa miezi mingi. Wali ulichachuka, na uchachu huo ulimzuia samaki asioze. Baadaye watu walichoka kungoja, wakaanza kutia siki kwenye wali ili kupata uchachu ule ule kwa siku moja. Mwanzoni mwa karne ya 19, katika mji unaoitwa leo Tokyo, sushi iliuzwa barabarani kama chakula cha haraka. Kwa hiyo tusiogope jina lake. Asili yake ni hifadhi ya samaki, kazi ambayo akina mama wa nchi hii wanaijua vizuri.

Mahitaji (watu saba)

Mchele wa chenga vikombe 3. Ni wa bei nafuu kuliko mchele mzima, na kwa kazi hii ni bora zaidi kwa kuwa unashikana.
Siki ya chakula vijiko vikubwa 6. Ukikosa, tumia maji ya ndimu kwa kipimo hicho hicho.
Sukari vijiko vikubwa 3, au asali ya kwetu vijiko vikubwa 2.
Chumvi kijiko kimoja na nusu cha chai.
Sato mmoja wa karibu robo tatu ya kilo. Badala yake unaweza kutumia samaki wa moshi, au dagaa wa Kigoma vikombe 2.
Mayai 5, na unga wa ngano kijiko kikubwa 1.
Karoti 2 na tango 1.

Huko Japani sushi nyingi hufungwa kwa mwani uliokaushwa ukawa mwembamba kama karatasi. Huo si mwani ule unaolimwa na akina mama wa Zanzibar. Ni wa aina nyingine, na dukani ni ghali. Lakini Wajapani wenyewe wanayo sushi inayofungwa kwa yai jembamba. Hiyo ndiyo tuliyoichagua, kwa sababu yai nalo ni chakula cha kujenga mwili.

Namna ya kutengeneza

1. Chagua mchele, uoshe mpaka maji yawe meupe kidogo tu, kisha uloweke nusu saa. Uchuje, uupike kwa maji vikombe 3 na nusu, bila mafuta, bila nazi na bila chumvi. Mara ya kwanza sisi tuliukaanga kwa mafuta kama tulivyozoea, na wali wote ukamwagika kama mchanga. Maji yakikauka, punguza moto uive taratibu, kisha epua na uuache umefunikwa dakika 10.

2. Pasha siki, sukari na chumvi mpaka viyeyuke, bila kuchemka. Mimina wali kwenye chombo kipana cha plastiki au cha mbao, unyunyizie siki yako, ugeuze kwa mwiko kwa kuukata-kata bila kuuponda. Mtoto mmoja apepee kwa ungo mpaka wali uwe vuguvugu.

3. Chemsha samaki kwa chumvi na ndimu mpaka aive kabisa. Mchambue kwa vidole, utoe miiba yote, kisha mkaushe kidogo kwenye kikaangio na kitunguu. Samaki wa moshi mwoshe kwa maji ya moto, umchemshe tena kabla ya kumchambua. Dagaa watoe vichwa, waoshe, wakaange mpaka wakauke, kisha uwatwange kidogo.

4. Karoti ikate vijiti vyembamba na uichemshe dakika 3. Tango lioshe, litoe mbegu, nalo ulikate vijiti.

5. Koroga unga kwa vijiko vikubwa 3 vya maji usiwe na madonge, changanya na mayai na chumvi kidogo. Mimina kidogo kidogo kwenye kikaangio kilichopakwa mafuta, kama chapati za maji, upate mayai membamba 6. Unga huo unasaidia yai lisichanike.

6. Tandaza kitambaa safi kilicholowanishwa na kukamuliwa, au jani la mgomba lililooshwa na kubabuliwa motoni. Weka yai juu yake. Chovya mikono kwenye maji yenye siki kidogo, utandaze wali juu ya yai, uache ukingo wa vidole viwili upande wa mbali. Panga samaki, karoti na tango katika mstari upande wa karibu nawe. Inua kitambaa, viringisha huku ukibana, kisha uache dakika 5.

7. Kata kwa kisu kikali kilicholowanishwa. Kila mviringo utoe vipande 7. Utapata vipande 42, yaani vipande 6 kwa kila mtu, mkubwa na mdogo. Andaa pamoja na supu ya maharage au majani ya kunde.

Tahadhari kutoka kwetu wauguzi

Msitumie samaki mbichi. Samaki wa maji baridi, yaani wa mito, mabwawa na maziwa yetu, huweza kuwa na minyoo inayoingia mwilini mwa binadamu. Siki na ndimu haziiui minyoo hiyo, hata kama mnofu umegeuka mweupe. Mama mjamzito na mtoto mdogo wawe waangalifu zaidi.

Wali nao una hatari yake. Kuna vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa, na wali ukikaa kwenye joto huzaliana na kutoa sumu inayoleta kutapika na kuhara. Siki husaidia, lakini kwa joto la Tabora la mwezi wa Oktoba tusiitegemee. Tengeneza, kula ndani ya muda wa saa mbili, na usiweke kiporo cha kesho. Kwa sababu hiyo chakula hiki hakifai kukaa kwenye mfuko wa shule mpaka mchana.

Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa, hata iliyochanganywa kwenye wali. Yeye mpondee wali usiotiwa asali, pamoja na mnofu na yai lililoiva. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu, kata kipande vipande vidogo na hakikisha hakuna mwiba. Tango na karoti zisagwe au zikwanguliwe.

Na baba je?

Swali hili ndilo lililochukua muda mrefu kuliko mapishi yenyewe. Mwenzetu mmoja alipoweka sinia mezani, mumewe aliangalia huku na huku akauliza, "Samaki wangu yuko wapi?" Akamjibu kwa upole, "Yumo humo, baba watoto. Leo tumemgawana wote." Mzee alikula vipande vyake kimya. Baadaye alimwona mtoto wa mwisho akichungulia ndani ya kipande na kusema kwa furaha kwamba ameona samaki. Mwenzetu anasema mzee aliweka kijiko chini, akamwuliza mkewe tangu lini mtoto yule alikuwa hapati.

Si kila nyumba itakwenda hivyo. Wapo waliorudi kikundini wakasema wamegombezwa kwa kupika vyakula vya kigeni. Tuliwashauri wazungumze na waume zao kabla ya kupika, na wawaonyeshe kadi ya kliniki. Baba wengi hawajui kwamba mtoto anakula mchuzi mtupu, kwa kuwa hakuna aliyewaambia.

Mama yule kijana hakuwahi kupika sushi. Alisema yai na samaki kwa siku moja ni anasa kwake. Lakini alichukua jambo moja: kabla ya kupakua, anautoa mnofu wa mtoto kwanza, anauchambua, anauweka kwenye kibakuli chake. Aliporudi mwezi uliofuata, kadi ilionyesha uzito umepanda kidogo. Tulimwambia aendelee vivyo hivyo, na mwezi unaofuata aje tupime tena.

Basi, akina mama wapendwa, mwenye mayai na siki ajaribu kuviringisha. Asiye navyo, aanze na kibakuli cha mtoto leo jioni.