Mtungi Mmoja, Wanywaji Wengi

Iko desturi moja katika nchi yetu ambayo twaona wakati wa kuiacha umekwisha kuwadia. Kila yanapotajwa maneno ya kuhifadhi wanyama, misitu na samaki, mkulima husema hiyo ni kazi ya bwana nyama. Mvuvi husema ni kazi ya bwana samaki. Mpasua mbao husema ni kazi ya bwana miti. Mwenye hoteli ya watalii naye husema kazi yake ni kulaza wageni tu. Hivyo kazi ya wote hufanywa kuwa kazi ya wachache, na mwisho wake haiwi kazi ya mtu ye yote.

Mwezi wa Desemba mwaka 2016 mawaziri wa nchi nyingi walikutana mjini Cancun, huko Mexico, chini ya Mkataba wa dunia wa bayoanuai, yaani wingi wa aina za viumbe hai, mkataba ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1996. Mawaziri hao walitamka kwamba hifadhi isiachwe ndani ya mipaka ya mbuga peke yake, bali iingizwe katika kilimo, uvuvi, misitu na utalii. Tamko hilo ni zuri, lakini tamko halimwagilii shamba. Twataka leo kulipima kwa mto mmoja, ambao wananchi wa Mbeya na Iringa wanaujua kuliko mawaziri wote wa Cancun. Mto huo ni Ruaha Mkuu.

Asili ya mto na wanaounywa

Ruaha Mkuu huanzia katika vijito vya milima ya Uporoto, Kipengere na Livingstone. Maji hayo hushuka kwa mito ya Mbarali, Kimani, Chimala, Ndembera na mingineyo hadi katika uwanda wa Usangu. Huko yamejengewa mabanio na kuchimbiwa mifereji, nayo hunywesha majaruba ya mpunga. Yanayosalia huingia katika bwawa la asili la Ihefu, hutoka penye mwamba wa Ng'iriama, hupita katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, iliyoanzishwa mwaka 1964, kisha hufika Mtera. Mtera pana wavuvi, na pana mitambo ya umeme ya megawati 80. Mbele yake iko Kidatu yenye megawati 204. Mbele zaidi maji hayo huungana na Rufiji kabla ya kufika katika Bwawa la Julius Nyerere, lenye megawati 2,115.

Basi mchele wa Mbeya unaoliwa Dar es Salaam, perege wa Mtera anayeuzwa Migoli, tembo anayepigwa picha na mgeni kutoka Ulaya, na taa inayowaka juu ya cherehani ya mfanyakazi kiwandani, vyote vyatoka katika mtungi mmoja. Mfanyakazi asidhani kwamba habari hii ni ya watu wa shamba tu. Mwaka 2006, mabwawa yalipopungukiwa maji, mgawo wa umeme ulisimamisha mashine, na mashine iliposimama, ujira wa kibarua ulisimama pamoja nayo.

Ahadi ni deni

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 Ruaha Mkuu ulitiririka mwaka mzima. Mwaka 1993 ulikatika wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi, na tangu hapo umekuwa ukikatika karibu kila mwaka. Wakati huo viboko hurundikana katika vidimbwi vya matope, samaki hufa, na tembo huchimba mchanga kwa miguu na mkonga wapate maji. Watu wa vijiji vya chini nao hubaki wakitazama mto usio na kitu.

Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati huo, Ndugu Frederick Sumaye, aliutangazia ulimwengu akiwa London kwamba Serikali itahakikisha mto huu unatiririka mwaka mzima ifikapo mwaka 2010. Mwaka 2010 ulifika ukapita, na mto uliendelea kukatika. Mwaka 2022 bado kilio kilikuwa kile kile. Ahadi ni deni, na deni hili halikulipwa. Hatusemi hivyo ili kumlaumu mtu mmoja. Twasema kwa sababu chama au serikali isiyokumbuka ahadi zake haiwezi kumtaka mwananchi akumbuke wajibu wake.

Kwa nini halikulipwa? Kwa maoni yetu, sababu moja kubwa ni kwamba tulimtafuta mkosaji mmoja, badala ya kutengeneza matumizi ya wote. Mwaka 2006 Serikali iliamuru wafugaji na mifugo yao watoke Ihefu na Usangu. Maelfu ya ng'ombe walihamishwa, wengine hadi mikoa ya Pwani na Lindi. Wengine walikufa njiani, na malalamiko yalikuwa mengi hata ikaundwa tume ya uchunguzi mwaka 2007. Mwaka 2008 Usangu iliingizwa katika Hifadhi ya Ruaha, na migogoro ya mipaka na vijiji vya Mbarali ikafuata. Baada ya yote hayo, kiangazi kilipofika, mto ulikatika tena.

Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Ng'ombe wakiwa wengi kupita kiasi huharibu ardhi oevu, hilo hatulikatai. Lakini wataalamu walioichunguza Usangu kabla ya ng'ombe hao kuhamishwa walikwisha kueleza kwamba sababu kubwa ya kukatika kwa mto wakati wa kiangazi ni maji yanayochepushwa na mifereji miezi ambayo mito yenyewe imekwisha kupungua. Milango ya mabanio huachwa wazi hata mpunga ukiwa umekwisha kuvunwa. Maji hupita katika majaruba matupu, hupotea hewani na ardhini, wala hayamfai mkulima wala samaki. Hakuna mfereji mmoja unaoweza kusemwa kwamba ndio uliokausha mto. Lakini chovya chovya humaliza buyu la asali.

Mwanachuoni wetu Japhet Kashaigili wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, pamoja na wenzake, walipiga hesabu ambayo kila kamati ya maji yapaswa kuijua. Ili lita mia tano au mia sita tu zitoke Ng'iriama kila sekunde wakati wa kiangazi, yahitajika lita 7,000 hivi ziingie Ihefu kila sekunde, kwa kuwa jua na majani ya bwawa hunywa kwanza. Kiasi hicho kilikuwa karibu mara mbili ya wastani wa maji yaliyokuwa yakiingia kiangazi wakati wa hesabu hiyo. Maana yake ni kwamba hatuwezi kuuponya mto penye Hifadhi. Lazima tuuponye juu, penye mabanio.

Kazi ya kila mmoja

Tuanze na mkulima, kwa kuwa yeye ndiye aliye karibu na mlango wa maji. Hatumwambii aache mpunga. Taifa lala mchele wake, na tangu Shamba la Mbarali lilipojengwa kwa msaada wa China katika miaka ya 1970, Usangu imekuwa ghala letu. Twamwambia alime kwa maji machache. Kilimo shadidi kimeonyesha njia. Miche hupandwa ikiwa michanga, mmoja mmoja, kwa nafasi pana na mistari iliyonyooka, na shamba hulowanishwa kisha huachwa likauke kidogo, badala ya kufurikishwa msimu mzima. Mbegu huwa chache, maji huwa machache, na mche hupata nafasi ya kutoa machipukizi mengi. Ni kazi ya palizi nyingi, twakiri, lakini palizi haijamwua mtu, na mto uliokauka waweza kumwua. Zaidi ya hayo, zamu za maji zifuatwe, na mavuno yakiisha mlango wa banio ufungwe. Vijiji vinavyotegemea mfereji kwa maji ya kunywa vichimbiwe visima, ili mfereji mzima usiachwe wazi kwa ajili ya ndoo chache. Shamba kubwa la kampuni lipimiwe maji kwa kipimo kile kile anachopimiwa mwenye jaruba moja.

Mvuvi naye asingoje askari. Kokoro na wavu wa macho madogo huvua perege wa leo pamoja na watoto wa kesho. Mtera au Ihefu, mazalio ya samaki ni yale majani ya pembeni yanayofunikwa na maji mvua zinaponyesha. Anayeyachoma majani hayo au kuyalima amevua samaki wa mwaka ujao kabla hawajazaliwa. Vikundi vya ulinzi vya wavuvi wenyewe vyapaswa kupewa nguvu, kwa kuwa mvuvi ndiye amjuaye mvuvi mwenziwe atokaye usiku.

Katika misitu, Nyanda za Juu za Kusini zina sifa ya kupanda miti. Sao Hill, wilayani Mufindi, ni shamba la miti kubwa kuliko yote ya Serikali. Sifa hiyo isitulevye. Mti wa kupandwa una mahali pake, na chemchemi ina mahali pake. Mkaratusi ni mti wa nguzo na wa fedha, bali ukipandwa mdomoni mwa kijito hunywa kabla ya mtu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka kingo za mto. Hapa wako wenye vinyungu, ambao kwa miaka mingi wamepata mboga na mahindi ya kiangazi mabondeni. Haifai kuwafyekea mazao bila kuwaonyesha pa kwenda. Wasaidiwe kusogea, na mabonde yarudishiwe miti ya asili.

Tena msitu wa asili una mali tusizozijua. Wawindaji wa Rungwe walikuwa wakimjua kima aitwaye kipunji miaka mingi kabla wataalamu hawajamwona mwaka 2003 na kumtangaza kwa ulimwengu mwaka 2005. Juu ya Kitulo, iliyofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005 kwa ajili ya maua yake na ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu, mizizi ya okidi ilikuwa ikichimbwa na kuuzwa Zambia kuwa chikanda. Kitulo hiyo hiyo ndiyo mama wa vijito vingi vya Ruaha. Anayelinda ua pale juu amelinda jaruba kule chini.

Na gharama ya kukumbuka hifadhi baada ya kazi kwisha tumekwisha kuilipa. Kule Kihansi, mpakani mwa Iringa na Morogoro, mwaka 1996 mradi wa umeme ukiendelea kujengwa, alionekana chura mdogo aishiye katika manyunyu ya maporomoko tu. Maji yalipopelekwa katika mitambo, manyunyu yalikwisha. Mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani kwa ndege ili mbegu yao isipotee. Waliosalia walipatwa na ugonjwa wa ukungu, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hakuna tena. Walirudishwa Kihansi mwaka 2012, baada ya kazi kubwa ya kutengeneza manyunyu kwa mabomba. Fedha na taabu hiyo ingalikuwa ndogo zaidi kama chura angalihesabiwa kabla ya saruji. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Utalii na haki

Wako watakaosema: mnatuambia tupunguze maji ili mzungu apige picha ya kiboko? Swali hilo ni la haki, nasi hatulikwepi. Mwenyeji akiona tembo amekula mahindi yake, akapewa fedha kidogo iitwayo kifuta jasho, tena baada ya kungoja sana, hawezi kuipenda Hifadhi kwa kuhubiriwa. Lazima aone faida kwa macho. Vijiji vya Idodi na Pawaga, katika jumuiya yao ya MBOMIPA, yaani Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga, vimeonyesha kwamba wanakijiji waweza kusimamia wanyama katika ardhi yao wenyewe na kupata mapato. Njia hiyo ipanuliwe, na hesabu za mapato zisomwe mbele ya mkutano wa kijiji. Hoteli za watalii zinunue mchele, mboga na asali za vijiji jirani, na ziajiri vijana wa hapo.

Tusisahau pia yaliyotokea hivi karibuni. Mwaka 2017 Benki ya Dunia ilikubali kutoa mkopo wa dola milioni 150 wa kukuza utalii wa Kusini. Baada ya malalamiko ya wanavijiji waliopakana na Hifadhi ya Ruaha, mkopo huo ulisimamishwa, na mwaka 2024 ukafutwa. Fundisho lake ni jepesi. Utalii usiojengwa pamoja na wenyeji hausimami, hata ukiwa na mamilioni nyuma yake.

Yanayotupasa

Hatuhitaji sheria mpya. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imekwisha kuyapa maji ya kunywa nafasi ya kwanza, na maji ya uhai wa mto nafasi ya pili, kabla ya matumizi mengine. Kinachotakiwa ni kwamba bwana shamba, bwana samaki, bwana miti, bwana nyama na mhandisi wa umeme wakae meza moja na Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji pale Iringa, pamoja na wajumbe wa wakulima, wavuvi na wafugaji, na kila Juni, kabla ya kiangazi kuuma, wakubaliane nani afunge mlango gani na siku gani. Nasi wanachama katika matawi yetu tuulize swali moja mwaka hata mwaka: je, Ruaha umetiririka mwaka huu, au umekatika siku ngapi? Jibu la swali hilo ndilo litakalopima kazi yetu kuliko hotuba zote.

Mtungi ukiwa mmoja na wanywaji wengi, adabu ni kumkumbuka aliye nyuma. Aliye nyuma kwenye Ruaha Mkuu ni mwanakijiji wa Pawaga, mvuvi wa Mtera na mfanyakazi wa kiwanda, na pamoja nao viumbe wasio na kinywa cha kusema. Tuwaachie maji.