Safari za Majini Chini ya Mlima Meru: Tazama Kalenda ya Mvua Kabla ya Kalenda ya Likizo

Na Mwandishi Wetu, Arusha

Wananchi wanaopanga safari za mapumziko katika mito, maporomoko na maziwa yaliyo chini ya Mlima Meru wanashauriwa kutazama kalenda ya mvua kabla ya kutazama kalenda ya likizo. Kipindi kinachofaa zaidi ni kuanzia mwishoni mwa Juni hadi mwanzoni mwa Oktoba, kikifuatiwa na Januari na Februari. Kipindi cha kuepuka ni masika, yaani Machi hadi Mei. Makala haya yanaeleza sababu za mgawanyo huo na namna familia inavyoweza kuutumia katika kupanga safari.

Misimu miwili ya mvua

Mkoa wa Arusha upo katika eneo la nchi linalopata mvua mara mbili kwa mwaka. Mvua za vuli hunyesha kati ya Oktoba na Desemba, na mvua za masika hunyesha kati ya Machi na Mei. Masika ndiyo mvua nyingi zaidi na za muda mrefu, na Aprili kwa kawaida ndio mwezi unaopata mvua kubwa kuliko yote.

Katikati ya misimu hiyo kuna vipindi viwili vya ukavu. Cha kwanza, Juni hadi Septemba, ni kirefu na cha baridi. Asubuhi nyingi za Juni na Julai Arusha hufunikwa na mawingu, pengine na manyunyu, lakini mvua kubwa huwa chache. Cha pili, Januari na Februari, ni kifupi na chenye joto.

Mvua ya mlimani, mafuriko ya bondeni

Kilele cha Mlima Meru kipo mita 4,566 juu ya usawa wa bahari, ilhali katikati ya Jiji la Arusha ni takribani mita 1,400. Tofauti hiyo ya zaidi ya mita 3,000 ipo ndani ya umbali usiozidi kilomita 20. Maji yanayonyesha kwenye miteremko ya juu hushuka kwa kasi kubwa na kufika bondeni kwa muda mfupi.

Mito ya Themi na Naura hupita jijini, na upande wa mashariki ipo mito mingine kama Nduruma, Usa na Maji ya Chai. Maji ya mito hiyo huelekea Mto Kikuletwa, huingia katika Bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha hufuata Mto Pangani hadi Bahari ya Hindi. Sehemu ya juu ya safari hiyo, iliyo karibu na makazi ya watu, ndiyo yenye mwinuko mkali, mawe mengi na makorongo membamba.

Kutokana na hali hiyo, mtu aliyekaa kando ya mto wakati jua linawaka anaweza kufikiwa na maji ya mvua ambayo hakuiona. Korongo lililokuwa kavu asubuhi linaweza kujaa alasiri. Jiji la Arusha linaifahamu hatari hiyo: tarehe 12 Aprili, 2024, katikati ya masika, gari la shule lilisombwa na maji ya mafuriko katika korongo lililopo Kata ya Muriet, na wanafunzi walipoteza maisha.

Kwa nini mito ya Meru si ya boti za mpira

Wapo wanaouliza iwapo mito ya Arusha inafaa kwa mchezo wa kuteremka mto kwa boti za mpira, kama inavyofanyika Jinja nchini Uganda. Jibu lipo katika chanzo cha maji. Mto Nile katika eneo la Jinja hutoka Ziwa Victoria, na mtiririko wake huongozwa na mabwawa ya kuzalisha umeme, hivyo huwa na maji ya kutosha mwaka mzima. Mito ya Meru ni mifupi na myembamba. Wakati wa kiangazi kina chake ni kidogo mno kwa boti, na wakati wa masika hufurika ghafla. Hakuna msimu unaoigeuza kuwa mito salama kwa mchezo huo.

Maziwa ya Momela

Anayetamani kupiga kasia katika eneo hili ana nafasi hiyo ndani ya Hifadhi ya Taifa Arusha, ambako safari za mitumbwi hufanyika katika Ziwa Momela Dogo. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1960 na inasimamiwa na Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania (TANAPA).

Maziwa ya Momela yapo katika mabonde yaliyotokana na kuporomoka kwa ubavu wa mashariki wa Mlima Meru maelfu ya miaka iliyopita. Kwa sehemu kubwa hupata maji kutoka chini ya ardhi, ndiyo maana hayapandi ghafla kama mito. Hata hivyo, upepo na radi huweza kumkuta mtu katikati ya ziwa, na viboko na nyati wamo katika eneo hilo wakati wote. Safari hufanyika kwa kuongozwa na askari wa uhifadhi, na kila abiria anapaswa kuvaa jaketi okozi tangu anapoingia mtumbwini hadi anaposhuka.

Juni hadi Oktoba njia za hifadhini huwa kavu na kupitika kwa urahisi. Januari na Februari huwafaa zaidi wapenda ndege, kwa kuwa ndege wahamao kutoka Ulaya na Asia huwapo nchini kati ya Novemba na Aprili.

Sikukuu na mvua

Likizo ya Juni huangukia mwanzoni mwa kipindi cha ukavu, hivyo ni fursa nzuri kwa familia zenye wanafunzi. Pasaka, kwa upande mwingine, huwa kati ya tarehe 22 Machi na 25 Aprili, kwa maana hiyo kila mwaka huangukia ndani ya masika. Krismasi huja mwishoni mwa vuli, na ipo miaka ambayo mvua hizo huendelea hadi Januari.

Familia inayosherehekea Pasaka Arusha inaweza kuchagua Makumbusho ya Azimio la Arusha au Makumbusho ya Elimu Viumbe, na kuacha mito na maporomoko hadi mvua zitakapokatika.

Utabiri kabla ya kuondoka

Kalenda huonesha hali ya kawaida, lakini kila mwaka una mvua zake. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa mwelekeo wa mvua kabla ya vuli na kabla ya masika, utabiri wa kila siku, pamoja na taarifa za hali mbaya ya hewa zenye viwango vya angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Mwelekeo wa msimu husaidia kuchagua mwezi. Utabiri wa kila siku husaidia kuamua iwapo safari ya kesho ifanyike au iahirishwe.

Wananchi wanakumbushwa kutazama mlima kabla ya kushuka mtoni. Mawingu mazito yakifunika miteremko ya Meru, maji yakibadilika rangi kuwa ya tope, au matawi na takataka zikianza kuelea, ondokeni mtoni mara moja na kupanda sehemu ya juu. Msivuke mto au korongo linalofurika kwa miguu wala kwa gari. Maji ya kasi yanayofika magotini yanatosha kumwangusha mtu mzima. Inapotokea dharura, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji linapatikana kwa simu namba 114 bila malipo.