Bustani ya Jeevanjee na Ploti za Noonkopir

Kituo cha biashara cha Noonkopir ndicho chimbuko la mji tunaouita leo Kitengela. Mwaka 1988 ranchi ya pamoja ya Wamaasai wa hapa iligawanywa, kila mwanachama akapata kipande chake. Miaka miwili baadaye ikapitishwa sheria ya maeneo maalumu ya viwanda vya kuuza bidhaa nje. Viwanda vikafunguliwa Athi River, na wafanyakazi wakavuka kuja kutafuta vyumba vya kupanga. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 58,167. Ile ya 2019 ikahesabu 154,436. Malisho ya ng'ombe na mapito ya nyumbu watokao Mbuga ya Nairobi yamekatwa yakawa ploti za futi 50 kwa 100.

Ploti ina mwenyewe. Uwanja wa mji hauna mwenyewe mmoja, na hapo ndipo penye hatari. Tazameni yaliyotaka kuipata Bustani ya Jeevanjee jijini Nairobi, safari fupi ya matatu kutoka hapa.

Alibhai Mulla Jeevanjee, mzaliwa wa Karachi, alitajirika kwa kandarasi za Reli ya Uganda. Mwaka 1906 aliwapa wakazi wa Nairobi bustani ya ekari 5, akasimamisha humo sanamu ya Malkia Victoria. Heshima hiyo kwa malkia haikumfunga kinywa: mnamo 1910, akiwa Mwasia wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, alilalamika waziwazi kwamba walowezi wamejitengea nyanda za juu.

Miaka ikapita, bustani ikawa baraza la kila mtu. Saa saba mchana makarani walijilaza nyasini, wengine wakiwa wameshiba, wengine wakiidanganya njaa kwa usingizi. Wahubiri walishindana kwa sauti (na baadhi yao, tuseme kweli, kwa sauti tu). Chini ya miti, kundi lililojiita Bunge la Mwananchi lilijadili bei ya unga na mienendo ya mawaziri bila kumwomba spika ruhusa.

Mwaka 1991 ukazuka mpango wa kujenga hapo maegesho ya magari. Zarina Patel, mjukuu wa Jeevanjee, akasimama kuupinga, akapata wa kumuunga mkono, na mpango ukafa. Miaka miwili kabla yake Wangari Maathai alikuwa amelizuia jumba la ghorofa 60 lisijengwe katika Bustani ya Uhuru, huku akitukanwa hata Bungeni. Naamini Patel alisaidiwa sana na jambo moja: zawadi ile ilikuwa na historia, naye aliijua.

Walimu wa Noonkopir hawahitaji kungoja tajiri wa kuwapa ekari 5. Waombe ramani ya upimaji ya mji, kisha wanafunzi waitembeze mitaani, wakitia alama kila palipoandikwa soko, shule au uwanja wa umma. Wakikuta ua wa mabati mahali pa uwanja, waandike tarehe waliyouona.