Ndugu wa Shina Moja: Wakatanga na Wakasai

Msafiri atokaye Lubumbashi kwa gari moshi, akiisha kupita Likasi na Fungurume, hufika Tenke katika nchi ya Wasanga. Mji si mkubwa, lakini hapo ndipo reli inapogawanyika. Tawi moja hushika njia ya magharibi kwenda Kolwezi na Dilolo, mpakani mwa Angola. Shina lenyewe huendelea kaskazini hata Bukama na Kamina, na kuingia nchi ya Kasai. Njia ya kufika Bukama ilimalizika mwaka 1918. Ile ya kuvuka Kasai hata Ilebo, uliokuwa ukiitwa Port-Francqui, mwaka 1928. Na tawi la Dilolo mwaka 1931. Twazitaja tarehe hizi mapema, kwa kuwa habari tunayotaka kuisimulia ni ya watu waliokutanishwa na reli hii, na ambayo siku moja iliwachukua wengine wao kuwaondoa kwa nguvu.

Tangu 24 Februari 1922 ipite miaka mia moja kamili, yaani siku ile ya mwaka 2022 majeshi ya Urusi yalipoingia Ukraine kwa vita kubwa, watu wengi wamekuwa wakiulizana: je, hao si ndugu? Na kweli, wote wawili huhesabu asili ya imani yao tangu ubatizo wa Kyiv, mwaka 988, siku za mfalme Volodymyr. Lugha zao zakaribiana. Lakini mkubwa alizoea kumwambia mdogo kwamba hana nyumba yake mwenyewe. Mwaka 1876 mfalme wa Urusi alipiga marufuku kuchapa vitabu kwa Kiukraine. Miaka ya 1932 na 1933, chini ya Stalin, nafaka ya wakulima ilichukuliwa, na mamilioni wakafa kwa njaa. Mwaka 1946 Kanisa Katoliki la Ukraine la mapokeo ya Kigiriki lilifutwa kwa amri, na mkuu wake, Josyf Slipyj, akakaa kifungoni miaka 18 hata alipofunguliwa mwaka 1963. Basi watu wa Ukraine walipoulizwa kwa kura tarehe 1 Desemba 1991, zaidi ya tisa katika kila kumi walichagua kujitawala. Urusi iliinyakua Krimea mwaka 2014, na miaka minane baadaye ikaja vita kubwa.

Sisi watu wa Lualaba hatuna haja ya kwenda mbali hivyo ili kujua jinsi shina moja linavyoweza kutoa matawi yasiyopatana. Waluba wa Kasai husimulia kwamba wazee wao walitoka Nsanga-Lubangu, upande wa mashariki, katika nchi za Waluba wa Katanga, wakahama kidogo kidogo wakifuata ardhi na amani. Kama vile Kyiv kwa wale wengine, ndivyo jina hili lilivyo kwao: mahali pa asili palipo katika nchi ya jirani. Yafaa msomaji alishike neno hili, maana baadaye atasikia Wakasai wakiambiwa warudi kwao.

Walikujaje kwa wingi katika nchi ya shaba? Kompania ya Union Minière iliundwa mwaka 1906, na kwa miaka mingi ilipata taabu kubwa ya kupata wafanyakazi. Wenyeji wa karibu hawakupenda sana kushuka machimboni. Kuuza unga na samaki kwa kambi kuliwafaa zaidi, na aliyechoka na kazi alikuwa na kijiji chake cha kukimbilia usiku mmoja. Kwa hiyo kompania ilitafuta watu wa mbali. Tangu karibu mwaka 1927 ilibadili taratibu: ilifanya mapatano ya miaka mitatu, ikamruhusu mfanyakazi kuja na mke wake, ikajenga nyumba za familia na shule, ili mtoto azaliwe kambini, akulie kambini, na mwishowe ashike kazi ya baba yake. Wengi waliokuja walitoka Kasai na Lomami. Huko misioni na shule zilikuwa zimetangulia. Wamisionari wa Scheut walifika Luluabourg mwaka 1891. Tena Waluba wengi walikuwa wametawanywa na vita vya kuwinda watumwa, wakajifunza kuishi karibu na misioni na vituo vya serikali. Hivyo Mkasai alifika Katanga mara nyingi akiwa anajua kusoma. Akawa karani, fundi, mwalimu, au mtu wa reli.

Mwenyeji naye aliona nini? Aliona kwamba katika nchi ya babu zake, aliyeandika jina lake katika daftari la kazi alikuwa mgeni, aliyempimia unga alikuwa mgeni, na aliyemfundisha mtoto wake alikuwa mgeni. Hatusemi kwamba Mkasai alimwibia kitu. Mzungu ndiye aliyepanga viti, naye ndiye aliyeketi katika kile cha juu. Lakini ni desturi ya binadamu kumtazama aliye ngazi moja juu yake kuliko yule aliye ngazi kumi.

Wakati huo kulikuwa na mambo mema pia, na ni vibaya kuyasahau. Kiswahili cha migodini hakikuwa lugha ya Wasanga wala ya Walunda wala ya Wakasai, na kwa sababu hiyo kila mmoja aliweza kukiingia bila kuona haya. Mwaka 1953 Padre Placide Tempels, Mfransisko aliyejulikana tayari kwa kitabu chake juu ya hekima ya Wabantu, alifika Kolwezi, na katika kambi za wafanyakazi kikaanza kile kilichoitwa Jamaa. Wake na waume walikutana jioni wakizungumza kwa Kiswahili juu ya uzima, uzazi na mapendo, na humo hakuna aliyeulizwa kabila. Baadaye maaskofu walikuwa na neno juu ya baadhi ya matawi ya Jamaa. Hiyo ni habari nyingine. Sisi twataka tu ikumbukwe kwamba katika Kolwezi ileile ambayo tutaitaja tena kwa huzuni, watu wa Kasai na wa Katanga waliitana baba na mama.

Ugomvi ulianza siku ya kugawana madaraka. Desemba 1957 wenyeji wa Elisabethville, ndio Lubumbashi ya leo, waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kupiga kura za mitaa, na wengi wa Waafrika waliopata uongozi walikuwa watu waliotoka nje ya Katanga. Oktoba 1958 kikaundwa chama cha CONAKAT ili kuwatetea wale waliojiita wenyeji wa kweli, na Godefroid Munongo na Moïse Tshombe wakawa viongozi wake. Hapo mwanzo Waluba wa Katanga ya kaskazini, chini ya Jason Sendwe, walikuwa ndani ya muungano huo. Novemba 1959 walijitoa, wakafanya umoja na chama cha Wakasai na kile cha Wachokwe. Katika kura za Mei 1960 CONAKAT ilipata viti 25 katika baraza la jimbo, na umoja wa Sendwe viti 23. Tofauti ya viti viwili! Tarehe 11 Julai 1960, siku kumi na moja tu baada ya uhuru wa Kongo, Tshombe akatangaza kwamba Katanga imejitenga.

Kujitenga huko kulidumu hata Januari 1963. Katika kaskazini vijiji vya Waluba vilichomwa moto kwa sababu waliikataa serikali ya Tshombe. Na katika Elisabethville, tangu Agosti 1961, Waluba wa pande zote mbili, wa Kasai na wa Katanga, walikimbilia ulinzi wa askari wa Umoja wa Mataifa. Makumi ya maelfu walilala katika kambi moja kando ya mji, katika matope na maradhi, hata waliposafirishwa mwaka 1962 kwenda Kasai ya Kusini na kaskazini mwa Katanga. Msomaji aangalie vizuri hapa: katika kambi ile Mluba wa Katanga na Mluba wa Kasai walikuwa wakimbizi wa bahati moja.

Ikapita miaka thelathini. Wakasai wengi walikuwa wamerudi, na watoto wao walizaliwa Likasi na Kolwezi bila kupata kuiona Kasai. Mambo ya Gécamines, iliyorithi Union Minière, yakaharibika. Katika miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kila mwaka. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto, hapo Kolwezi, uliporomoka, na kufikia mwaka 1993 shaba yote haikufika tani 50,000. Mikate ilipopungua, watu wakaanza kuhesabu waliokaa mezani.

Mwaka 1991 Mobutu, aliyekuwa akishindwa kuushika utawala wake, alimweka Nguza Karl-i-Bond, mwana wa Katanga, kuwa waziri mkuu, na Gabriel Kyungu wa Kumwanza akawa gavana. Tarehe 15 Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Taifa ulimchagua Étienne Tshisekedi, Mluba wa Kasai, mahali pa Nguza. Wakasai wengine wa miji ya shaba walishangilia barabarani. Shangwe hiyo iliwagharimu sana. Gavana Kyungu alikuwa akihubiri kwamba Wakatanga wasimame na kuchukua kilicho chao, na vijana wa chama chake wakaenda nyumba kwa nyumba. Wakasai waliitwa bilulu, yaani wadudu. Tumeliandika neno hilo kwa kusita, lakini mtu akiisha kumwita jirani yake mdudu, mkono wake huwa umekwisha kuinuka.

Mambo yaliwaka Likasi mnamo Agosti na Septemba 1992, na Kolwezi mnamo Machi 1993. Waliofukuzwa nyumbani walikusanyika katika vituo vya reli, maelfu juu ya maelfu, wakingoja gari moshi ambalo halikuja kwa majuma, na pengine kwa miezi. Walilala juu ya saruji na chini ya mahema. Madaktari wa Médecins Sans Frontières na watu wengine wenye huruma walifanya walivyoweza, lakini surua, kuhara na njaa havikungoja. Gari lilipokuja, watu walijazwa katika mabehewa ya mizigo, wengine wakapanda juu ya paa. Treni za Likasi na treni za Kolwezi, zote zilipita Tenke, maana hakuna njia nyingine ya reli ya kwenda Kasai. Hapa zilishika shina la kaskazini, kwenda Kamina na Mwene-Ditu. Wazee na watoto wengi walikufa njiani. Waliofukuzwa wanahesabiwa kwa malaki.

Palikuwa na nyumba ambazo mume alikuwa Mkasai na mke Msanga au Mlunda. Huyo mke aliambiwa achague. Wako waliopanda na waume zao kwenda nchi wasiyoijua, na wako waliobaki na watoto wadogo huku mume akienda. Ndoa iliyofungwa altareni ilivunjwa na watu wasioijua altare wala desturi ya wazee.

Na sasa neno linalotushangaza kuliko yote. Gavana Kyungu mwenyewe alikuwa Mluba, mwana wa wale Waluba wa kaskazini ambao mwaka 1961 walilala kambi moja na Wakasai. Tena mwaka 1980 alikuwa mmoja wa wabunge 13 waliomwandikia Mobutu barua ya wazi kumpinga, na jina la Tshisekedi lilikuwa katika barua ileile. Kama uadui ungekuwa wa damu, usingehama namna hiyo. Mwaka 1960 mpaka ulichorwa kati ya kusini na Waluba wote. Mwaka 1992 ulichorwa kati ya Katanga na Kasai. Waliouchora walijua walitaka nini, na Mobutu, ambaye askari wake wangaliweza kuuzuia ukatili huo, aliona faida wapinzani wake wakigombana wao kwa wao.

Kuulinganisha ugomvi huu na ule wa Ukraine kuna mpaka wake. Kasai haikuleta jeshi Katanga, wala hakuna aliyepiga marufuku lugha ya mwenzake. Na ukiuliza ni nani hapa aliye ndugu mkubwa na nani mdogo, utajibiwa mawili: Mkatanga atasema aliogopa kumezwa katika nchi yake, Mkasai atasema yeye ndiye aliyefukuzwa. Kila mmoja ana mambo ya kweli ya kukuonyesha. Lakini aliyekufa katika behewa hakuwa amemmeza mtu.

Mwaka 2015 Katanga iligawanywa majimbo manne, na Kolwezi ikawa mji mkuu wa Lualaba. Migodi imefufuka, ule wa Tenke-Fungurume ulianza kutoa shaba mwaka 2009. Mwaka 2019 Félix Tshisekedi, mwana wa Étienne, aliingia katika urais, na vijana wengi wa Kasai wakashuka tena kusini kutafuta kazi. Manung'uniko ya zamani yamesikika upya, pamoja na yale maneno ya nani mwenyeji na nani mgeni. Wengi wa vijana hao huendesha pikipiki za kubeba watu, na huitwa wewa. Ni neno la Kiluba cha Kasai ambalo maana yake ni wewe, na Mswahili yeyote asikiaye akiitwa hivyo barabarani hugeuka bila kuhitaji mkalimani.