Pajama ya Mama Anayenyonyesha

Je, wajua kwamba maziwa ya mama ya saa nane usiku si sawa na yale ya saa nane mchana? Ya usiku yana melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala. Ya mchana karibu hayana kabisa. Kichanga hazaliwi na saa yake ya usiku na mchana, na wapo watafiti wanaoona kwamba homoni hiyo anayoinyonya humsaidia kuijenga. Kwa upande wa mama, prolaktini, homoni inayotengeneza maziwa, hupanda zaidi usiku. Ndiyo maana mama hushauriwa asiruke zamu za usiku akitaka maziwa yasipungue. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, na zamu kadhaa kati ya hizo huangukia gizani.

Melatonini ina adui mmoja, naye ni mwanga mkali. Mama anayewasha taa ili atafute vifungo vya pajama yake anajiamsha mwenyewe na kumwamsha mtoto ambaye pengine angenyonya huku amesinzia. Kwa hiyo kipimo changu cha kwanza cha nguo ya kulalia ya mzazi ni mkono, wala si jicho: je, inafunguka gizani, kwa mkono mmoja, wakati mkono wa pili umembeba mtoto? Pajama nyingi za dukani hazikipiti kipimo hicho, kwa kuwa vifungo vyake ni vidogo na vimepangwa kutoka shingoni hadi tumboni. Hata dera, pamoja na upana wake wote, hulazimika kupandishwa kutoka miguuni au kuteremshwa begani, na baridi ya alfajiri ikampata mama mwili mzima.

Nguo inayokipita kipimo hiki inashoneka nyumbani, na haihitaji fundi mkubwa. Siri yake ni kuufanya upande wa mbele uwe vipande viwili vinavyopandana. Chukua blauzi pana inayokukaa vizuri, itandaze juu ya kitambaa na uifuatishe kwa chaki, ukiongeza nafasi ya kupumua kifuani, kwani titi lililojaa saa kumi usiku si lile la saa tatu asubuhi. Mgongo ni kipande kimoja. Mbele, kipande cha chini kinafunika tumbo. Ukingo wake wa juu unazama chini ya matiti, kisha unapanda ubavuni kuelekea kwapa. Kipande cha juu kinaanzia begani, kinafunika kifua na kukilalia kile cha chini kwa sentimita 10 hivi. Ubavuni kishone karibu na kwapa tu, chini yake kiache huru. Mtoto akilia, mama anakiinua kwa vidole viwili. Tumbo na mgongo vinabaki vimefunikwa, na hakuna kifungo cha kutafuta.

Pindo la kipande hicho cha juu nalo lina kanuni yake, na kanuni hiyo imetoka kwa mtoto mwenyewe. Kichanga akiguswa shavu hugeuza kichwa upande ule ule na kufungua kinywa. Amezaliwa na silika hiyo, na ndiyo inayomfikisha kwenye chuchu. Sasa kinachomgusa kikiwa ni nguo inayoning'inia, atageukia nguo. Atahangaika, atalia, na mama atadhani maziwa hayatoki. Kwa hiyo pindo liwe jembamba na kipande kiwe chepesi, kikiinuliwa kikunjike vizuri juu ya titi. Lesi usiweke. Zipu inakwaruza shavu, kamba ndefu inaweza kumzonga mtoto shingoni, na kifungo kinacholegea huishia kinywani.

Kitambaa cha kufuma kwa mtande na mshindio, kama khanga au kitenge, hakivutiki ukikishika kwa urefu wala kwa upana, kwa sababu unavuta nyuzi zenyewe. Kivute kwa mshazari, kwa pembe ya digrii 45, nacho kinatanuka kama mkeka unaovutwa pembe kwa pembe: nyuzi hazirefuki, zinabadili tu pembe zinapokutana. Madeleine Vionnet, mbunifu wa mavazi wa Paris, alijenga jina lake katika miaka ya 1920 kwa kukata magauni ya hariri namna hiyo, yakaufuata mwili bila lastiki. Mama mwenye khanga anaweza kuitumia hekima hiyo hiyo. Kipande cha juu akikate mshazari, kitainuka kwa urahisi na kulipokea titi linalojaa na kupungua. Hasara yake ni kwamba kinakula kitambaa zaidi, tena hushuka kwa uzito wake. Kitundike usiku mmoja kabla ya kukipinda, la sivyo pindo litakwenda upogo.

Khanga yenyewe ni chaguo ninalolitetea kwa moyo wote. Wanawake wengi wa pwani na bara huingia nazo hospitali kujifungua, kwa hiyo mara nyingi zipo nyumbani tayari. Upande mmoja una takriban sentimita 150 kwa 110. Doti hutosha blauzi na bukta kwa mama wa umbo la kawaida, mradi vipande vipangwe vyote kabla mkasi haujagusa. Ifue kwanza, maana pamba mpya hurudi ikikutana na maji, na rangi inayochuja ichuje kabla haijalala karibu na ngozi ya mtoto. Ile iliyofuliwa miaka mingi ni bora zaidi kwa ulaini. Jina la khanga, yaani yale maneno yaliyoandikwa juu yake, mimi ningelipeleka mgongoni, likae zima.

Chagua pamba kwa sababu nyingine pia. Mtoto anaponyonya titi moja, oksitosini husambaa katika damu na kufika kwenye matiti yote mawili kwa pamoja, hivyo lile la pili nalo hudondosha. Wakati mwingine kilio cha mtoto peke yake kinatosha kuyafungulia. Katika hewa ya kawaida pamba hubeba unyevu wa karibu 8% ya uzito wake. Poliesta haifiki hata 1%, na maziwa yakidondoka juu yake yanabaki kati ya nguo na ngozi. Mabaki ya khanga kuukuu yakate miduara ya upana wa sentimita 12, panga mitatu au minne, zungushia mshono, uwe na visodo vya matiti vinavyofulika. Vibadilishe vikilowa.

Kuhusu cherehani, ile nyeusi ya mkono au ya miguu inatosha kabisa. Mshono wake ni ule ule aliousajilia hataza Elias Howe huko Marekani mwaka 1846, na Isaac Singer akausambaza kwa mashine yake ya 1851: uzi wa juu unashuka na sindano yenye tundu karibu na ncha, uzi wa bobini unapita katika kitanzi chake, na nyuzi mbili zinafungana ndani ya kitambaa. Mshono huo ni imara ila hauvutiki, kwa hiyo kwenye mshazari uzi unaweza kukatika. Legeza kidogo mkazo wa uzi wa juu, na ukivute kitambaa polepole kinapopita chini ya mguu wa mashine. Mwenye cherehani ya zigizagi atumie zigizagi nyembamba.

Kuna mama mmoja ambaye nguo hii haimfai, naye ni aliyejifungua kabla ya wakati. Katika utunzaji wa kangaruu, ulioanzishwa na daktari Edgar Rey Sanabria huko Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, mtoto hukaa ngozi kwa ngozi katikati ya kifua cha mama kwa saa nyingi. Huyo mshonee pajama inayofunguka mbele yote, yenye vifungo vichache, vikubwa na bapa.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi miaka 2 au zaidi. Nguo itakayodumu muda huo itasuguliwa sana kwenye beseni. Pamba inaweza kuhimili, kwa kuwa nyuzi zake huwa na nguvu zaidi zikilowa. Ila mishono ya ubavuni ipinde mara mbili ili isifumuke, na doa la maziwa lianze na maji baridi. Maji ya moto huigandisha protini ndani ya pamba, nalo doa likakaa hapo moja kwa moja. Mtoto akishaachishwa, mstari mmoja wa mshono kwenye pindo la kipande cha juu unaigeuza kuwa blauzi ya kawaida.