Kura ya Mwamini na Uhai wa Mtoto Ambaye Hajazaliwa

Kila uchaguzi mkuu unapokaribia, swali moja huulizwa katika Jumuiya Ndogondogo za Kikristo za Kibondo na Kasulu, nasi mapadre tumekuwa tukilijibu kwa haraka mno. Wanaouliza ni akina mama wa WAWATA, makatekista na vijana wa VIWAWA: “Padre, kati ya hawa wanaoomba kura, ni yupi anayetetea uhai?” Sisi hujibu kwamba Kanisa halina chama, kisha tunafunga kikao kwa sala. Jibu hilo ni la kweli, lakini halitoshi. Mwamini aliyeuliza anarudi nyumbani na swali lake, na siku chache baadaye analetewa jibu na mtu mwingine, mara nyingi aliyevaa sare ya chama.

Katika makala hii tunapenda kufafanua mambo matatu: Kanisa linafundisha nini mintarafu utoaji mimba na wajibu wa mpiga kura, utetezi wa uhai umeathiri vipi siasa za majirani zetu na za mataifa ya mbali, na sisi wa nyanda za juu za Kigoma tunapaswa kuwauliza nini wale wanaoomba kutuwakilisha.

Msingi wa mafundisho

Kanisa linafundisha kwamba uhai wa mwanadamu ni mtakatifu tangu kutungwa mimba hadi kifo cha kawaida. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, uliutaja utoaji mimba kati ya makosa mazito dhidi ya uhai. Mtakatifu Yohane Paulo II alilieleza jambo hili kwa mapana katika waraka wake “Injili ya Uhai” wa tarehe 25 Machi 1995.

Waraka huo, katika namba 73, unamsemesha pia mtunga sheria. Mbunge asiyeweza kuifuta kabisa sheria inayoruhusu utoaji mimba anaweza, ikiwa msimamo wake dhidi ya tendo lenyewe unajulikana wazi, kuunga mkono pendekezo linalopunguza madhara ya sheria hiyo. Hapa Kanisa linatambua kwamba bungeni mambo huenda kwa hatua. Tena, Novemba 2002 Idara ya Mafundisho Sadikifu ya Kanisa iliwakumbusha Wakatoliki walio katika siasa kwamba dhamiri nyofu hairuhusu kupigia kura sheria inayopingana na misingi ya imani na maadili, na kwamba kushughulikia jambo moja pekee hakumalizi wajibu wa mtu kwa manufaa ya wote. Maneno hayo mawili yanapaswa kusomwa pamoja. Anayechukua la kwanza na kuacha la pili, au la pili na kuacha la kwanza, amekata mkate wa Kanisa nusu.

Sheria ya nchi yetu

Wapo wanaodhani kwamba hapa kwetu hakuna la kujadili, kwa kuwa sheria imekwisha kusema. Ni kweli kwamba Kanuni ya Adhabu, katika kifungu cha 150, inamtisha anayemtoa mwanamke mimba kwa kifungo cha hadi miaka 14. Kifungu cha 151 kinamtaja mwanamke mwenyewe, hadi miaka 7. Na kifungu cha 152 kinamgusa anayetoa dawa au vifaa kwa kusudi hilo, hadi miaka 3. Kifungu cha 230 kinamlinda mganga anayefanya upasuaji kwa nia njema ili kuokoa maisha ya mama.

Lakini mwaka 2007 Tanzania iliridhia pia Itifaki ya Maputo, iliyopitishwa na Umoja wa Afrika mwaka 2003 kuhusu haki za wanawake. Itifaki hiyo ina mema mengi: inatetea wajane, inapinga ukeketaji na ndoa za utotoni. Pamoja na hayo, ibara ya 14, fungu la 2(c), inazitaka nchi kuruhusu utoaji mimba wa kitabibu katika hali kadhaa, kama vile ubakaji, zinaa ya maharimu, au mimba inapohatarisha afya ya mama, ya kimwili na ya kiakili. Kenya na Uganda ziliporidhia mwaka 2010 ziliweka hadhari rasmi kwamba fungu hilo halitazifunga. Tanzania iliridhia bila hadhari hiyo.

Tutafakari jambo hili. Ibara ya 63 ya Katiba yetu inalipa Bunge madaraka ya kujadili na kuridhia mikataba ya namna hiyo. Maana yake ni kwamba moja ya maamuzi mazito juu ya uhai lilipita mikononi mwa watu tuliowachagua sisi. Mwamini anayengoja neno “uhai” kwenye bango la kampeni hulikosa linapopita katika orodha ya shughuli za Bunge.

Funzo la Kenya, 2010

Majirani zetu wa Kenya walilipeleka suala hili moja kwa moja kwenye sanduku la kura. Rasimu ya Katiba mpya, katika ibara ya 26, ilitamka kwamba uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa. Lakini fungu la 4 la ibara hiyo hiyo liliruhusu utoaji mimba pale ambapo mtaalamu wa afya ataona kuna haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama imo hatarini, au kama sheria nyingine itaruhusu. Maaskofu Katoliki, akiwemo Kardinali John Njue wa Nairobi, pamoja na viongozi wa makanisa mengine, waliona neno “afya” ni mlango mpana mno, wakawaomba waamini wapige kura ya Hapana. Sababu ya pili ya makanisa ilikuwa Mahakama za Kadhi.

Jukwaani, hata hivyo, makanisa hayakuwa peke yake. Upande wa Hapana walikuwepo pia wanasiasa, wakiongozwa na William Ruto, aliyekuwa waziri katika serikali ile, pamoja na Rais mstaafu Daniel arap Moi. Nao walikuwa na hoja zao, hasa kuhusu ardhi. Rais Mwai Kibaki na Waziri Mkuu Raila Odinga waliongoza upande wa Ndiyo. Tarehe 4 Agosti 2010 wananchi walipiga kura, na takribani theluthi mbili wakasema Ndiyo.

Kenya ni nchi ambayo Wakristo ndio wengi sana. Hivyo hesabu yenyewe inatuambia kwamba Wakristo wengi waliisikia sauti ya wachungaji wao na bado wakapiga kura ya Ndiyo. Hatusemi kwamba wote hao waliukataa uhai. Walikuwa wakipigia kura kitabu kizima: ugatuzi, haki za raia, mipaka ya madaraka ya Rais, miaka miwili tu baada ya damu kumwagika kufuatia uchaguzi wa 2007. Funzo ni kwamba suala la uhai likifungwa katika furushi moja na ardhi, makabila na ugomvi wa wakubwa, wapiga kura hulipima furushi zima. Na mwanasiasa aliyesimama kando ya askofu hubaki na jukwaa lake hata baada ya askofu kurudi kanisani.

Funzo la Marekani

Nchini Marekani, Mahakama Kuu iliuhalalisha utoaji mimba nchi nzima tarehe 22 Januari 1973. Mwaka uliofuata watetezi wa uhai walianza maandamano ya kila Januari jijini Washington. Hapo mwanzo walikuwemo watu wa vyama vyote viwili, Wakatoliki wengi wakiwa wa Democratic. Taratibu, hasa kuanzia uchaguzi wa 1980 uliomwingiza Ronald Reagan, utetezi wa uhai ukawa alama ya chama cha Republican, na haki ya kutoa mimba ikawa alama ya chama cha Democratic. Uteuzi wa majaji ukawa ahadi ya kampeni, na tarehe 24 Juni 2022 Mahakama hiyo ikaifuta hukumu yake ya 1973.

Wengi walidhani safari imefika mwisho. Wiki chache baadaye, Agosti 2022, wananchi wa jimbo la Kansas, ambalo kwa kawaida huipa kura Republican, waliulizwa kama katiba yao itamke kwamba haitoi haki ya kutoa mimba. Karibu watu sita katika kila kumi walikataa. Hukumu ya mahakama ilikuwa imepatikana kabla mioyo ya majirani haijashawishika.

Siasa hizo zinatufikia hata sisi. Tangu 1984 Marekani imekuwa na sera ya kuwanyima misaada wahisani wanaohusika na utoaji mimba katika nchi nyingine. Sera hiyo imefutwa au kurejeshwa kila chama kinapompisha kingine Ikulu: 1993, 2001, 2009, 2017, 2021 na 2025. Kwa hiyo kura ya mtu wa Ohio inaweza kubadili kinachotolewa katika kliniki ya Afrika. Utetezi wa uhai unaotegemea mshindi wa uchaguzi mmoja huanguka na uchaguzi unaofuata.

Na hapa kwetu?

Watu wa Kibondo na Kasulu si kondoo wa chama. Mwaka 2010 majimbo ya Muhambwe, Kasulu Mjini na Kasulu Vijijini yote yaliwapeleka bungeni wagombea wa NCCR-Mageuzi. Miaka iliyofuata kura zikageuka tena. Watu wetu wanajua kupima barabara, maji, pembejeo, na mzigo wa kuishi jirani na kambi za Nyarugusu na Nduta. Wanaweza kuupima na uhai pia, wakielezwa vizuri.

Sheria kali haijaondoa utoaji mimba nchini. Utafiti uliofanywa na taasisi za Kitanzania pamoja na Taasisi ya Guttmacher ya Marekani, ambayo haina msimamo kama wetu, ulikadiria matukio 405,000 kwa mwaka 2013. Ni makadirio, na watetezi wa uhai wameyatilia shaka. Hata tukiyakata nusu, bado ni umati wa watoto, na nyuma ya kila mmoja yupo mama aliyeogopa.

Aliogopa nini? Kwa miaka mingi msichana wa shule aliyepata mimba alifukuzwa, na mlango ukafungwa. Tarehe 24 Novemba 2021 aliyekuwa Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, ambaye pia alikuwa Mbunge wa Kasulu Mjini, alitangaza kwamba wasichana waliokatiza masomo kwa kujifungua wataruhusiwa kurudi katika shule za mfumo rasmi. Wapo waamini walionung’unika kwamba huko ni kubariki uzinzi. Sisi tunaona vinginevyo. Binti anayejua kwamba mtoto wake hataufunga mlango wa darasa amepunguziwa sababu moja kubwa ya kumtafuta mtoa dawa wa gizani.

Nasi tukiri. Ya kitubioni hubaki kitubioni, lakini yapo tuliyoyatenda hadharani. Tumewahi kumwondoa binti katika kwaya kwa sababu ya mimba, na kijana aliyempa mimba hiyo akaendelea kupiga kinanda Dominika ile ile. Tumehubiri dhidi ya utoaji mimba mbele ya wazazi ambao jioni walimtupia binti yao nguo nje, nasi hatukwenda kubisha hodi. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mzigo wa binti yule tuliuona mwepesi kwa sababu haukuwa mabegani mwetu. Parokia inayomwaibisha mjamzito inamsukuma kule ambako mahubiri yake yanakataza.

Tuwaulize nini wagombea?

Katiba yetu, ibara ya 20, hairuhusu chama kinachokusudia kukuza maslahi ya dini fulani, na maadili ya uchaguzi yanakataza kampeni katika nyumba za ibada. Sheria ya Kanisa nayo, kanuni ya 287, inawazuia mapadre kushiriki kikamilifu katika vyama vya siasa. Kwa hiyo altareni hamtasikia jina la mgombea, na mkilisikia, mtuonye. Lakini walei mna haki, tena wajibu, wa kuuliza katika mikutano ya hadhara. Tunapendekeza maswali manne.

La kwanza: Je, bungeni utasimama upande gani ikiwa Kanuni ya Adhabu itapendekezwa kulegezwa, na una maoni gani juu ya kuweka hadhari kwa fungu la 14(2)(c) la Itifaki ya Maputo? La pili: Utafanya nini ili mama wa kijiji kilicho mbali na barabara ya lami afike mahali penye upasuaji salama kabla ya kumpoteza mtoto au uhai wake? La tatu: Utahakikishaje kwamba shule za jimbo lako zinampokea kweli binti aliyejifungua, na kwamba mwanamume aliyempa mimba mtoto wa shule anafikishwa mbele ya sheria? La nne: Wasichana walio makambini, wanaobakwa wakitafuta kuni, utawasemea, hata kama hawana kura?

Anayejibu la kwanza kwa sauti kubwa na kunyamaza kwa matatu yaliyobaki anatafuta kura zetu tu. Anayejibu matatu vizuri na kulikwepa la kwanza naye tumwambie kwamba amemsahau aliye mdogo kuliko wote. Pengine hatutampata aliyekamilika. Hapo kila mmoja apime mbele ya Mungu, kwa dhamiri iliyofundwa, nani atapunguza madhara na kuongeza ulinzi.

Hatimaye, neno kwa dada yetu ambaye tayari amepita njia hiyo. Baba Mtakatifu Fransisko, kwa barua ya Novemba 2016, aliwapa mapadre wote mamlaka ya kudumu ya kuondolea dhambi ya utoaji mimba. Huna haja ya kusafiri hadi kwa Askofu, wala kungoja Mwaka wa Jubilei. Njoo kwa padre yeyote, siku yoyote. Na wanajumuiya, kabla ya kumuuliza mgombea atafanya nini, tuulizane Jumamosi hii katika kikao chetu: ni binti yupi mtaani kwetu ambaye mimba yake imeanza kuonekana, na ni nani kati yetu atakayekwenda kwao kwanza?