Shinikizo la damu lipimwe kabla ya mimba

KWA muda mrefu shinikizo la damu na kisukari yalihesabiwa kuwa maradhi ya wazee. Siku hizi wanawake wengi zaidi hushika mimba wakiwa tayari nayo, na baadhi yao hawajui.

Sababu moja ni uzito wa mwili. Utafiti wa kitaifa kuhusu idadi ya watu na afya (KDHS) wa 2008-09 ulionyesha kuwa asilimia 25 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito kupita kiasi. Kufikia 2014, idadi hiyo ilikuwa asilimia 33. Aidha, hatari huongezeka kwa wanaochelewa kuzaa.

Hatari kubwa ni kwamba maradhi haya hayana dalili za wazi. Mja mzito anapofika kliniki kwa mara ya kwanza katika mwezi wa tano, mishipa yake ya damu imelegezwa na mimba na shinikizo limeshuka lenyewe. Kipimo huonekana cha kawaida. Linapopanda baadaye, huwa vigumu kubaini iwapo ni ugonjwa wa zamani au ni mwanzo wa kifafa cha mimba, hali inayoweza kumuua mama na mtoto.

Kisukari nacho hakisubiri. Moyo na uti wa mgongo wa mtoto huanza kuumbika katika wiki 8 za kwanza, mara nyingi kabla ya mama kutambua kuwa ni mjamzito. Sukari ikizidi wakati huo, mimba yaweza kuharibika au mtoto akazaliwa na kasoro.

Ndiposa Shirika la Afya Duniani (WHO), tangu 2016, linahimiza kliniki ianze kabla ya wiki 12. Hata hivyo, kwa mwenye maradhi haya hata muda huo ni wa kuchelewa.

Baadhi ya dawa za shinikizo, zikiwemo enalapril na losartan, humdhuru mtoto tumboni. Anayezitumia asiziache ghafla, bali amwone daktari ili abadilishiwe mapema.

Kwa hivyo, mwanamke anayepanga kuzaa, au anayekwenda kupata huduma za upangaji uzazi, aombe kupimwa shinikizo na sukari. Kipimo cha shinikizo huchukua dakika chache tu, lakini chaweza kuokoa maisha mawili.